Wangari Maathai: mama aliyelipa wakulima kwa kila mti uliopona

Mvua ikinyesha usiku mmoja tu, asubuhi mito inayopita katikati ya Bukavu, kama Kawa na Kahuwa, inakuwa na rangi ya udongo. Udongo ule ni shamba la mtu. Umeshuka kutoka mlimani pamoja na mbolea na mbegu zake, unapita mbele ya nyumba zetu, na mwisho wake ni Ziwa Kivu ao mdomo wa baraji ya Ruzizi, ambako umeme wetu unatoka. Watu wa Kalehe hawahitaji kuelezwa jambo hili. Tangu tarehe 4 mwezi wa tano 2023, wakati mito ilipobeba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, kila mtu huku anajua mlima usio na majani unaweza kufanya nini.

Dawa yenyewe inajulikana. Kandokando ya mto kunatakiwa kuachwa ukanda wa majani na miti: matete, setaria, mianzi, miti ya kienyeji. Ukanda ule unapunguza mwendo wa maji na kukamata udongo kabla haujaingia mtoni. Hata sheria ipo. Kanuni ya misitu ya Kongo ya mwaka 2002 inakataza kukata miti kwa umbali wa metre 50 kila upande wa mto, na metre 100 kuzunguka chemchemi. Lakini mwenye shamba la Kabare ao Walungu anafanya hesabu nyingine. Shamba lake lote pengine halifikii metre 50 kutoka juu hadi mtoni. Ukimwambia aache ukanda ule, unamwambia aache muhogo wa watoto wake ili mtu wa Ibanda, chini kule, apate maji safi na umeme. Na yule wa Ibanda anamlipa nini?

Swali hilo liliulizwa Kenya karibu miaka hamsini iliyopita na mwanamke mmoja ambaye jina lake tunalisikia kila siku ya mazingira, bila mara nyingi kueleza alichofanya. Wengi wanamkumbuka Wangari Maathai kwa tuzo ya Nobel. Wachache wanakumbuka kwamba kazi yake ilisimama juu ya senti nne za dola.

Alizaliwa tarehe 1 mwezi wa nne 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri, kwenye miteremko ya milima ya Aberdare, katika familia ya Wakikuyu wakulima. Ni nchi inayofanana sana na yetu: milima, ukungu, udongo mzuri, mvua nyingi, mito inayoshuka kwa kelele. Mto mkubwa wa pale unaitwa Gura. Karibu na kwao kulikuwa pia kijito kidogo, Kanungu, na kando yake mti mkubwa wa mugumo, mtini ambao Wakikuyu waliuheshimu kama mti wa Mungu. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti ule. Mtoto alitii, akateka maji pale, akacheza na mayai ya vyura ndani ya maji akidhani ni shanga za kuvaa shingoni, akishangaa kwa nini zinapasuka kila anapozishika.

Baba yake alifanya kazi katika shamba la mzungu karibu na Nakuru, na familia iliishi huko kwa muda. Mwaka 1947 mama na watoto walirudi Ihithe kwa sababu ya masomo ya wavulana. Kaka yake Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu. Msichana akaanza shule akiwa na miaka minane. Huwa tunasema mengi juu ya wazazi wenye akili. Hapa aliyefungua mlango ni mtoto wa kiume aliyeuliza swali moja.

Kutoka Ihithe alikwenda kwa masista wa Mathari, Nyeri, wakati vita vya Mau Mau vikiwaka na watu wa vijiji vyao wakifungiwa ndani ya kambi. Kisha akaenda sekondari ya Loreto, Limuru. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kwa ndege katika mpango uliosaidiwa na familia ya Kennedy. Alisoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas, akapata shahada mwaka 1964, kisha akaendelea Pittsburgh. Aliporudi Nairobi mwaka 1966 kwa kazi aliyokuwa ameahidiwa kwa barua, alikuta imeshapewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya kabila lake na kuwa mwanamke. Profesa mmoja Mjerumani akampokea katika idara ya anatomia ya wanyama. Mwaka 1971 akapata udaktari, mwanamke wa kwanza kuupata katika Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Elimu ile ndiyo iliyomrudisha mtoni. Alikuwa akichunguza ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, homa ya pwani ya mashariki, na kazi ilimtaka aende mashambani kukusanya kupe. Huko aliona kitu kikubwa kuliko kupe. Ng'ombe walikuwa mbavu tupu kwa kukosa majani. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mlimani kwa kasi yakiwa yamebeba udongo, na mito ikawa ya rangi ya kahawa. Alielewa kwamba kupe hakuwa tatizo la kwanza. Mfugaji ambaye udongo wake umekwenda hawezi kuokolewa na sindano.

Alipokwenda kwao Ihithe, mugumo haukuwepo tena. Mwenye ardhi aliukata ili kupata nafasi ya kupanda majani ya chai. Na kijito cha Kanungu kilikuwa kimekauka. Kama mwanasayansi, sasa aliweza kueleza kile ambacho wazee walikilinda kwa jina la Mungu: mizizi mirefu ya mti ule ilishika udongo wa mteremko na kuvunja mwamba, maji ya chini yakapata njia ya kupanda juu. Mti uliokatwa uliondoka na chemchemi yake. Tukio lile alilisimulia maisha yake yote, na nadhani alikuwa na haki ya kulirudia. Hakuna kitabu kinachoeleza ulinzi wa mito vizuri kuliko kijito cha mtu kilichokauka.

Wakati huohuo alikuwa ndani ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Akina mama wa vijijini walileta malalamiko: kuni ziko mbali, maji ni machafu, watoto wanakula vyakula visivyo na nguvu kwa sababu havihitaji moto mwingi, mifugo haina majani. Maathai aliona malalamiko yote yana mzizi mmoja, akapendekeza wapande miti.

Mwanzo haukuwa mzuri. Alifungua kampuni ndogo ya kuuza miche, akiweka pepinyere yake Nairobi katika msitu wa Karura. Maji yakakatwa kwa ukame, miche ikafa, kampuni ikafa nayo. Tarehe 5 mwezi wa sita 1977, siku ya mazingira duniani, yeye na wenzake waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya kiongozi wa zamani wa kabila tofauti. Muda si mrefu mingi ilikauka. Upandaji wa siku ya sherehe tunaujua vizuri hata Bukavu: gavana anashika jembe, picha inapigwa, na baada ya wiki tatu mbuzi anamaliza kazi.

Hapo ndipo malipo yanapoingia. Mwanzoni idara ya misitu ya Kenya iliahidi miche ya bure. Mkuu wake alicheka aliposikia kwamba akina mama wanataka kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya, na wakati ule Wakenya walikuwa karibu milioni 15. Kabla ya mwaka kuisha alilazimika kusema hawezi tena kutoa bure, kwa kuwa walikuwa wanamaliza miche yake. Kisha wataalamu wakaja kuwafundisha akina mama, wakaongea juu ya vipimo vya kitalu na mwelekeo wa jua hadi watu wakachoka. Maathai akawaambia wanawake waache vyote hivyo. Walikuwa wakipanda maharagwe na mahindi tangu utoto. Mbegu ya mti ni mbegu. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakazitia katika vyungu vilivyovunjika na mikebe ya zamani, mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Wakaitwa wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Na kwa kila mche uliopandwa na kupona, mama alilipwa shilingi zenye thamani ya senti nne za dola. Fanya hesabu. Mikanda ya kijani, ndiyo iliyotoa jina la Green Belt Movement, ilipangwa kuwa na miche elfu moja kwa uchache. Elfu moja ikipona yote, ni dola 40, kwa kikundi kizima. Hakuna aliyetajirika. Lakini kwa mama wa kijiji ambaye hakuwahi kushika fedha yake mwenyewe, dola ile ililipa chumvi, sabuni na daftari bila kumwomba bwana.

Nguvu ya mpango ule ilikuwa katika neno kupona. Hawakulipwa kwa kuchimba shimo wala kwa kuhudhuria mkutano. Watu wa kijiji waliochaguliwa walizunguka kuhesabu miche iliyo hai, wakapeleka taarifa, na malipo yakafuata. Mama aliyepanda miche mia na kuacha mbuzi wale tisini, alilipwa kumi. Ndiyo sababu mama yule alijenga uzio na kumwagilia wakati wa kiangazi. Linganisha na miradi tunayoijua hapa Kivu, ambapo mtu analipwa kwa siku za kazi: mradi ukiisha, mitaro inajaa, majani yanang'olewa, na mwaka unaofuata mradi mwingine unakuja kuchimba palepale.

Fedha zilitoka wapi? Mwanzoni zilikuwa ndogo sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la misitu la Norway lilikuja kutafuta mshirika, na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia wanawake ukatoa zaidi ya dola 100,000. Kwa msaada huo vitalu vilienea kutoka vichache hadi mamia. Kufikia mwaka 2004, akina mama wale walikuwa wamepanda miti inayokadiriwa kuwa milioni 30.

Kuna waliosema kwamba kumlipa mkulima ni kumharibu, kwamba atapanda kwa ajili ya fedha tu. Hoja ile bado inasikika katika semina za Bukavu. Lakini njia nyingine tayari ilijaribiwa. Miaka ya 1940, Waingereza waliwalazimisha wanawake wa Murang'a, jirani na Nyeri, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko bila malipo. Mwaka 1948 wanawake wale waliasi. Kwetu Wabelgiji walifanya vilevile: mitaro na mistari ya majani kwa amri, na adhabu kwa asiyefanya. Baada ya uhuru, watu wengi waliviacha, kwa sababu vilinuka kiboko. Salongo ina faida yake kwa kusafisha barabara ya mtaa, lakini haijawahi kulinda mto kwa miaka kumi mfululizo.

Maathai mwenyewe aliona upungufu wa fedha peke yake. Akaanzisha masomo ya raia katika vijiji, ambapo alitumia mfano wa basi: abiria aliyepanda basi lisilokwenda kwake lazima akutane na shida njiani, na lazima ajiulize alilipandaje. Watu waliorodhesha shida zao, kisha wakaulizwa zipi wamezileta wenyewe na zipi zimeletwa na serikali. Mara nyingi orodha ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko walivyotarajia. Orodha ya pili ndiyo iliyomtia Maathai matatani.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwa yamevunjika mapema. Mumewe, Mwangi Mathai, aliyekuwa mbunge, walitengana naye, na talaka ilitolewa mwaka 1979 baada ya kesi iliyoandikwa sana magazetini. Kwa kusema vibaya juu ya hakimu alihukumiwa miezi sita jela, akatoka baada ya siku tatu. Bwana alimtaka aache kutumia jina lake. Yeye akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai, akaendelea na safari akiwa na watoto watatu. Mwaka 1982 aliacha chuo kikuu ili agombee ubunge, akakataliwa kugombea kwa sababu za kisheria, na chuo kikakataa kumrudisha. Alibaki bila mshahara, na miche.

Mwaka 1989 alisimama kuzuia jengo la ghorofa 60 ambalo chama tawala kilitaka kulijenga ndani ya Uhuru Park. Wabunge walimtukana, akafukuzwa katika ofisi yake, lakini wafadhili wa jengo wakajiondoa. Mwaka 1992 polisi walimpiga hadi akazimia, alipokuwa pamoja na mama za wafungwa wa kisiasa waliokuwa wakigoma kula. Mwezi wa kwanza 1999, alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliogawiwa matajiri, walinzi walimpasua kichwa. Karura leo ni msitu wa wakaaji wa Nairobi. Watu wanatembea ndani siku ya Jumapili.

Serikali ilipobadilika mwishoni mwa 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu kwa asilimia 98 ya kura, akawa naibu waziri wa mazingira. Habari ya tuzo ya Nobel ya amani ilimfikia tarehe 8 mwezi wa kumi 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alikuwa Nyeri, akapanda mti wa Nandi mbele ya mlima Kenya.

Sehemu inayotuhusu sisi moja kwa moja ni miaka iliyofuata. Mwaka 2005 wakuu wa nchi za Afrika ya Kati walimfanya balozi mwema wa misitu ya bonde la Kongo. Mwaka 2008, pamoja na Paul Martin aliyekuwa waziri mkuu wa Kanada, aliongoza mfuko wa misitu ya bonde hili, ulioanzishwa kwa pauni milioni 100 za Uingereza na Norway. Katika miji mikubwa alirudia kwamba nchi tajiri zinazopumua hewa ya misitu ya Kongo zinapaswa kulipa wanaoilinda. Ni wazo lilelile la Ihithe, safari hii na sifuri nyingi zaidi. Ni haki kusema kwamba senti nne zilifika mkononi mwa mama wa Nyeri kwa urahisi kuliko mamilioni ya mfuko ule yalivyofika mkononi mwa mkulima wa Kongo.

Kwa mikaratusi hakuwa na huruma. Alikataa ipandwe karibu na mito na chemchemi kwa sababu inakunywa maji mengi na kuacha udongo mtupu chini yake. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya aliagiza ing'olewe kandokando ya mito. Wale wa Kabare wanaopanda mikaratusi bondeni kwa sababu inakua haraka na makala yake yana soko Bukavu, watamwona kuwa mkali. Lakini yeye hakuwahi kumwambia mtu ang'oe bila kumpa kingine cha kupanda.

Wangari Maathai alikufa kwa kansa Nairobi tarehe 25 mwezi wa tisa 2011, akiwa na miaka 71. Aliacha neno kwamba mti usikatwe kwa ajili ya sanduku lake. Serikali ilimfanyia mazishi ya heshima katika sanduku la mianzi, mafunjo na magugu ya ziwa, mwili ukachomwa, na majivu yakawekwa katika taasisi yenye jina lake, Chuo Kikuu cha Nairobi.

Malipo hayakuisha naye. Tayari Naivasha, ambako akina mama wa ushirika walipanda moja ya mikanda yake ya mwanzo, mashirika ya WWF na CARE yalikuwa yamekutanisha watumiaji wa maji ya ziwa, pamoja na wakulima wa maua, na wakulima wadogo wa juu kwenye mto Malewa. Wa chini walitoa fedha. Wa juu walipanda mistari ya majani kwenye miteremko na kandokando ya mto, wakapokea hati za kununulia mbegu na mbolea. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya juu, ambao kampuni za Nairobi zinazotegemea maji na umeme zinauchangia. Moja ya mabonde yake matatu ni la Sagana na Gura, mto ule wa Ihithe. Mkulima anayekubali anapata miche na majani ya tembo ya kupanda kando ya maji. Majani yale anaruhusiwa kuyakata kwa ajili ya ng'ombe wake, mradi mizizi ibaki.